Aliyegeuza Kichwa Siku ya Reli

Lubunga, Kisangani
Tarehe 9, mwezi wa tatu

Mdogo wangu Madina,

Kosa la watu wengi wakipewa picha ya zamani ni kusoma maandishi yaliyo chini yake kabla ya kuitazama. Wakishasoma, macho yao huona kile walichosoma tu. Nimefundisha historia miaka thelathini na minane, na kila mwaka nilikuwa nikiyafunika maandishi kwa kipande cha karatasi, nikiwaambia wanafunzi watazame kwanza: nani amesimama, nani ameketi, nani amevaa viatu, nani hana. Leo nakuandikia juu ya picha moja, nawe unaijua tangu ujana wako. Ni ile ya ukutani kwetu, ya siku reli ya kwenda Ubundu ilipofunguliwa.

Lakini nitakuwa mtu gani nikitanguliza picha mbele ya salamu? Assalam alaikum, mdogo wangu. Hali yako? Goti lako linasemaje? Dawa ya kuchua niliyokutumia mwezi wa Ramadhani ilifika, au ilishuka njiani pamoja na mbebaji? Sisi huku Lubunga tu wazima, Alhamdulillahi. Mto umejaa mpaka kwenye mawe ya kufulia, na wanaovuka kwenda upande wa mjini wanalipa wakinung'unika. Sukari yangu imeshuka kidogo tangu mjukuu wako Djamila aliponinyang'anya kopo la sukari na kulificha, wapi sijui, maana nimetafuta hata ndani ya pipa la mchele.

Kijana aliyekuletea barua hii ametoka mbali. Amepanda pikipiki mpaka Ubundu, kisha mashua mpaka huko Kindu. Mpe maji. Nimemwomba asiseme chochote, akungoje nje mpaka umalize kusoma, kwa sababu nataka jibu lako lirudi kwa mkono wake. Ningeweza kukupigia simu, ndiyo. Lakini simu zetu hukatika pale mtu anapofika kwenye neno gumu, na mimi ningeshukuru ikikatika. Karatasi haikatiki.

Neno lenyewe linaanza na Djamila. Desturi yetu unaijua, ila mimi nimezoea kueleza hata yanayojulikana. Wakija watu kuposa binti wa nyumba hii, kabla hatujawapa chai, tunaishusha picha ukutani na kuipitisha mikononi mwao. Tunawaonyesha yule mwanaume wa kanzu nyeupe, aliyesimama kando ya kichwa cha treni mkono kiunoni, na tunawasomea maandishi: Bilali, kapita mkuu, siku ya kufunguliwa reli, 1906. Kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi. Kisha tunasema: huyu ndiye tulikotoka, nanyi tuonyesheni mlikotoka. Sijui nyumba nyingine Kisangani yenye desturi hii. Tuliianzisha sisi, na ilianzia kwenye posa yako wewe.

Basi miezi miwili iliyopita walikuja watu wa Assumani. Ni seremala, kijana mtulivu, Mwislamu, kwao ni Ubundu. Alikuja na baba yake mdogo, Papa Amani, mzee mwembamba mwenye koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali. Binamu yetu Mahmoudi ndiye aliyeishika picha, na wewe unamjua Mahmoudi akipata hadhira. Aliwaambia: "Huyu ndiye siye. Kapita! Anavaa mweupe, anasimama pembeni ya mashini kama ni yake. Bon, na nyinyi? Batu yenu iko wapi humu ndani?"

Papa Amani aliitazama picha muda mrefu. Akajibu: "Batu yetu iko chini ya reli, tonton. Foto haikufika kule." Akatoa mfukoni kitambaa, akakifungua. Ndani mlikuwa na skrubu kubwa ya reli, ile inayokibana chuma cha reli kwenye taruma, gogo linalolala chini yake, imeliwa na kutu. Akasema babu yake aliikaza kwa mikono yake, na mwanawe akaing'oa wakati walipobadilisha mataruma, na tangu hapo imelala ndani ya sanduku la nguo za familia.

Mahmoudi alicheka mpaka akashika ubavu. "Sasa chuma iko na macho? Iko na mudomo, itwambie ni ya nani?"

"Haina mudomo," akasema Papa Amani. "Ndiyo maana haijasema uongo hata siku moja."

Watu walicheka wote, na Mahmoudi naye akampigia makofi. Mimi sikucheka. Niliichukua picha mikononi mwa Mahmoudi nikairudisha ukutani.

Walipoondoka tulikupigia, maana baba yake Djamila ametangulia mbele ya haki na neno la mwisho ni lako, bibi yake. Ulisema, nami nakurudishia maneno yako kama yalivyotoka: damu ya waungwana haiendi kwa watu wa kamba. Nilijua ulichomaanisha. Hapa kwetu wazee waliwaita hivyo wale waliokokotwa kutoka vijijini, kamba shingoni, mmoja nyuma ya mwingine, kuja kujenga reli. Uliongeza kwamba kijana asiyeweza kuonyesha uso wa babu yake hana la kutuonyesha.

Djamila alikuwa jikoni, na simu ilikuwa kwenye kipaza sauti. Hakulia. Alimaliza kutwanga lituma ya ndizi, akatuletea, akanawisha Mahmoudi na mimi mikono. Siku ya pili akaniambia ameandika barua ya kuomba kazi ya uuguzi Yahuma, huko magharibi ambako barabara huishia kwenye tope, na kwamba wakimkubali hatarudi. Nilimuuliza kama hiyo ni hasira. Akaniambia mimi babu yake: "Hapana, koko. Ni adabu. Mukisema hapana, sitaki kukaa hapa nikiwaangalia mubaya."

Jibu kutoka Yahuma limefika Jumatatu. Wanamtaka. Amewaomba wiki tatu, na ninajua anazingoja kwa ajili yako.

Sasa turudi kwenye picha. Siku chache baada ya posa niliipeleka ng'ambo, kwenye duka la kuchapisha la Nadège, msichana niliyemfundisha kidato cha mwisho. Nilitaka nakala, kwa kuwa wadudu wameanza kula fremu. Aliiweka kwenye mashine yake, akaikuza kwenye kioo cha kompyuta, na tukaanza kuitembelea pamoja kama watu wanaotembelea mtaa. Tulipita kwa wakubwa wenye kofia ngumu. Tulipita kwa yule wa kanzu nyeupe, tukahesabu vifungo vyake. Kisha Nadège akasogea pembeni kabisa, kushoto, ambako hakuna aliyewahi kupeleka kidole siku za posa. Pale wameketi wanaume kumi na moja juu ya rundo la mataruma. Kumi wana nyuso. Wa kumi na moja hana. Ana mabega, ana mikono juu ya magoti, ila mahali pa kichwa pana kama moshi.

Nadège akasema: "Papa Prof, huyu alitikisika." Alikuwa sawa. Kamera za wakati ule zilitaka watu watulie kama mawe. Anayetulia hubaki, anayegeuka hufutika. Kumi walitii. Mmoja aligeuza kichwa.

Kisha akakuza tena. Kwa kuwa aligeuza kichwa tu na mabega hayakusogea, shingo yake chini ilibaki wazi. Kulikuwa na alama kuizunguka, pana kama kidole, ngozi iliyochubuka na kupona na kuchubuka tena. Tulirudi kwa wale kumi. Wote walikuwa nayo. Kamba yenyewe haikuonekana popote. Walikuwa wamefunguliwa kwa ajili ya picha.

Nadège akasogea chini, kwenye maandishi. Akaniuliza nani aliandika kwa mwandiko mzuri hivi. Nilimjibu: mtu wa zamani.

Niliikunja ile nakala kubwa nikavuka nayo mto, nikaibandika sebuleni, na tangu siku ile, Madina, sina raha ndani ya nyumba yangu. Mimi ni mwalimu. Najua unyevu wa mto hufanya nini kwa karatasi: huvimba, wino hutembea, doa hubadilika umbo. Nimejieleza hivyo kila siku. Lakini wiki ya kwanza ule moshi ulikuwa umeelekea kulia, upande wa mto. Wiki ya pili ulikuwa umeelekea mbele. Kila nikitoka kuswali alasiri na kuketi kwenye kiti changu, nahisi mtu anayejaribu kumaliza kugeuka.

Halafu ngoma. Unajua watu wa Isangi walivyokuwa wakisemezana kwa ngoma ya mti juu ya maji, na kwamba kila mwanaume alikuwa na jina lake la ngoma, refu, lenye jina la baba yake na kijiji cha mama yake ndani yake. Leo wana simu kama sisi wote; ngoma hiyo sijaisikia tangu nikiwa kijana. Jumanne moja nilikuwa nakula, saa kumi mchana, nikaisikia kutoka mtoni, sauti mbili, ya juu na ya chini. Nikainua kichwa tonge likiwa mdomoni. Nilitoka mpaka kwa jirani, Waziri, nikamuuliza kama anasikia. Akanitazama kwa huruma: "Papa, ile ni mashini ya mihogo ya mama Pélagie. Kwani ulitaka kucheza?"

Nilicheka naye. Nikarudi nikaketi, na hapo ndipo nilipomkumbuka babu. Wewe ulikuwa na miaka miwili alipofariki, mimi nilikuwa na sita. Alikuwa akila hivyo hivyo. Ngoma ikilia mtoni, mkono wake ulisimama njiani, kichwa kikageuka, na tonge likabaki shavuni mpaka ngoma ikome. Kisha alikuwa akisema peke yake, kwa sauti ndogo, neno moja ambalo sikulielewa, na kuendelea kula.

Nimeifunika nakala kwa khanga. Djamila aliniuliza: "Koko, unaogopa karatasi?" Nilimwambia naogopa vumbi.

Sasa nisikilize, Madina, na kama umesimama, keti.

Maandishi yale ni ya mkono wangu.

Ilikuwa mwaka 1971. Watu wa marehemu mume wako walikuwa wametuma habari kwamba wanakuja kukuposa, na ilijulikana kwamba wana daftari la ukoo wao tangu safari za wafanyabiashara wa pwani, jina juu ya jina. Sisi hatukuwa na kitu. Tulikuwa na picha moja, ambayo baba aliiokota mwaka wa uhuru, alipokuwa mfagiaji wa stesheni na Wazungu wakamwaga ofisi zao uani. Haikuwa na maandishi yoyote. Aliiweka chini ya godoro, na sisi hatukumuuliza kwa nini. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu mpya mwenye mwandiko mzuri na aibu nyingi. Nilichanganya wino wa shule na chai nzito ili uonekane wa kale, nikamchagua mtu aliyevaa vizuri kuliko Waafrika wote pale, nikampa jina la babu yetu. Nilipomaliza nilijivunia. Nilimpelekea baba kama mtoto anayepeleka cheti.

Baba hakupiga kelele. Alikiweka kidole chake pembeni, kushoto, juu ya ule moshi, akaniambia: baba yangu ni huyu. Kisha akakipeleka kwenye kanzu nyeupe: na huyu ndiye aliyempiga kwa kugeuka. Akasema: "Umempa baba yangu uso wa mutu aliyemupiga."

Ndipo akanisimulia. Jina la babu halikuwa Bilali. Alikuwa Lofemba, mvuvi, mtu wa karibu na Isangi. Walimkamata kwenye soko la samaki akiwa kijana, wakamleta huku kwa kamba, na kwa miaka miwili kwao hawakujua yuko wapi. Kaka yake alimtafuta kwa pirogi, mtumbwi wa wavuvi, kituo kwa kituo, akipiga ngoma na kungoja. Siku ya kufunguliwa reli alifika chini ya stesheni. Wakubwa walikuwa wameagiza kila mtu anyamaze na atulie kwa ajili ya kamera, na katika ukimya ule, kutoka mtoni, babu akasikia jina lake zima, lenye baba yake na kijiji cha mama yake. Akageuka. Ni hilo tu alilofanya. Kwa hiyo hana uso.

Kwao, anayeitwa kwa ngoma hujibu kwa ngoma. Asipojibu mara ya kwanza huitwa tena. Asipojibu mara ya tatu huhesabiwa maiti. Babu alirudishwa kambini, akafungwa kamba. Aliitwa jioni ile, akaitwa asubuhi. Baada ya hapo kaka yake akapiga ngoma ya msiba, akaipiga mchana kutwa akiteremka na mto, na babu akiwa amebeba taruma begani akausikia msiba wake mwenyewe ukienda ukififia. Mkataba ulipokwisha hakurudi. Alisema maiti harudi kijijini, atawatisha watoto. Mama mmoja Mwislamu wa hapa Lubunga, mjane, alimtibu shingo, akamfundisha swala, akampa jina Bilali, na akawa mtu wa watu hawa, kwa haki kabisa. Uislamu wake ulikuwa wa kweli. Uungwana wake tuliutunga sisi.

Nilitaka kuichana picha siku ile. Baba alinizuia. Alisema wageni wako njiani na harusi ya Madina isivunjike kwa ajili ya kalamu ya kaka yake. Ipite kwanza, kisha nifute na kuandika kweli. Niliapa. Wageni wakaja, picha ikapita mikononi, na mzee wao mmoja akaibusu pale penye kanzu nyeupe. Baba aliinuka akatoka nje. Watu walidhani ni furaha.

Harusi ilipita. Sikufuta. Nilisema baada ya mtoto wako wa kwanza, kisha baada ya mazishi ya baba, kisha nikaacha kusema. Nimewafunikia wanafunzi maandishi ya picha za watu wengine kwa miaka thelathini na minane. Kila mwaka tunaposoma hitima ya babu tunageuza picha iangalie ukuta, kama inavyostahili, tunaomba kwa jina Bilali, nami hujifariji kwamba Mwenyezi Mungu hakusoma mwandiko wangu. Lakini wewe uliusoma. Ukaolewa nao, ukalea watoto nao, na miezi miwili iliyopita ukamhukumu nao mtoto wa watu. Hukukosea wewe. Uliamini kilichoandikwa, na aliyeandika ni mimi.

Sisi ndio watu wa kamba, Madina. Papa Amani ana skrubu aliyoikaza babu yake, na huenda babu yetu alikuwa ameshika upande wa pili wa lile taruma. Sisi tuna picha ya babu asiye na uso, na juu yake tumetundika sura ya mwingine.

Ndani ya bahasha hii utakuta picha yenyewe, siyo nakala. Nimefuta mstari wangu kwa wembe. Nyuzi za karatasi zimeinuka na pataonekana daima kwamba palikwaruzwa, na ni sawa. Nyuma nimeandika kwa kalamu ya kawaida: Lofemba, aliyeitwa Bilali, wa mwisho kushoto, aligeuka alipoitwa. Nimeshamwambia Djamila. Alikwenda ukutani akaivua ile khanga, akaikunja. Mahmoudi nimemwambia pia. Hajazungumza siku nne, na kwa Mahmoudi huo ni ugonjwa. Ukinikasirikia, nitakuelewa. Ukitaka kuniambia kwa simu, nipigie, sitaikata.

Nisalimie wajukuu wote wa huko, na mama jirani yako aliyenipa samaki wa kukaushwa nilipokuja msibani. Djamila anakubusu mikono yote miwili. Mashini ya mihogo inalia ninapoandika, au ngoma; leo sijatoka kuuliza. Mungu akulinde, alitulize goti lako, na atukutanishe mimi na wewe kabla sijageuka moshi.

Ni mimi yaya yako, kaka yako mkubwa,
Daudi

Nimesahau jambo moja. Kijana anayekungoja nje ni Assumani. Hajui yaliyomo humu. Nilimwambia tu kwamba ni barua ya mzee kwa dada yake, naye akakubali kusafiri siku zote hizo bila kuuliza. Ataketi kimya kama alivyoagizwa. Usitume mtoto, usimpigie makofi, usiseme wewe kijana. Nenda mlangoni sasa hivi, umwite kwa jina lake.